Mpaka Tupate Mti

Muuza miche wa hapa Geita aliniuliza swali moja tu, nikashindwa kulijibu. "Mama, nyumbani kuna watoto wadogo?" Nilikuwa nimesimama katikati ya viriba vyake vyeusi, udongo umetoka kumwagiliwa, na ile harufu ya samadi iliyoloa ikanipanda puani. Nikamwambia nitarudi. Mume wangu, aliyekuwa akinisubiri nje juu ya pikipiki, aliponiona natoka mikono mitupu kwa mara nyingine tena akacheka.

"Mama Neema, unachagua mti au unachagua mkwe?"

Ana haki ya kucheka. Tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe, uwanja ni mwekundu na mtupu, watoto wanacheza juani mpaka wanarudi ndani vichwa vinachemka, na mimi naenda kitaluni narudi, naenda narudi. Yeye anasema nipande chochote kinachoota. Hajui kwamba kuchagua mti ni kazi niliyoifanya utotoni kwa bidii kuliko masomo yote niliyokuja kusoma baadaye, na kwamba niliifanya kwa nia moja tu: mti usipatikane.

Wakati ule tulikaa karibu na Kolandoto, upande ambao ardhi ni tambarare na jua halina adabu. Uwanja wetu ulifagiliwa ukawa kama sahani, ukazungushiwa ua wa manyara, na ndani yake hapakuwa na kivuli cha kumtosha hata kuku. Mdogo wangu Masanja alikuwa anatambaa. Asubuhi Mama alimhamisha kufuata kivuli cha nyumba, na mchana kivuli kilipokwisha alimfunga mgongoni, akapika naye, akatwanga naye, na huku mbele ana mimba nyingine. Alitaka mti uani tangu enzi ambazo mimi ndiye niliyekuwa natambaa.

Mtu wa kuupanda mti huo alikuwa Baba, na Baba hakuwepo. Alikuwa mtu wa maduara, yale mashimo ya dhahabu ya huku Geita ambayo watu hushuka kwa kamba. Alikuja nyumbani kama mvua za kwetu, mkishakata tamaa. Alileta sukari, kitenge cha Mama, na kikohozi kidogo ambacho hakuna aliyekijali. Alilala kutwa nzima, akaamka akala, akaniuliza jina la kuku wangu, na siku moja ukiamka begi halipo mlangoni. Nililijua lile begi kuliko nilivyoijua sura yake.

Kisha jiwe likamwangukia mguuni, na mimi nikapata baba. Mungu anisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyoliona jambo lile. Aliletwa na mchimbaji mwenzake aitwaye Shija, amekaa kwenye kariya ya baiskeli, mguu umefungwa matambara, na Mama aliangua kilio. Mimi nilisimama pembeni nikitabasamu kwa sababu safari hii begi lilikuwa kubwa, la mtu anayekuja kukaa.

Nilikaa naye kutwa. Nilimletea maji, mkongojo, kijinga cha moto cha kuwashia sigara. Meno yangu ya mbele yalikuwa yametoka na mapya hayajaja, na kila niliposema neno alicheka. Aliniita mayu, ambayo kwa Kisukuma ni mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Kabula. Siku moja nikampasulia lile swali lililokuwa limenikaa kifuani.

"Baba, utaondoka lini?"

Alimtazama Mama, ambaye alikuwa akianika michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe, Masanja mgongoni, jasho linamtiririka. "Siondoki mpaka tupate mti wa hapa uani, mayu," akasema. "Mama yako kausubiri vya kutosha. Mpaka tupate mti."

Mtu mzima husema neno likapita na upepo. Mimi nililishika kwa mikono miwili. Kumbe Baba kaja kutafuta mti! Ukipatikana, anaondoka. Basi kazi yangu ikawa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: nihakikishe kila mti chini ya jua una kasoro.

Kwa bahati nzuri Baba alinichukua kwenye msako. Alikuwa akienda hospitali ya misheni kusafishwa kidonda, na mimi nikawa mchukuzi wa chupa ya maji. Tulikwenda taratibu, yeye na mkongojo wake, na kila penye mti tulisimama. Baba hakuijua miti kwa maua wala kwa matunda. Aliijua kwa matimba, yaani yale magogo wanayopanga kwenye kuta za duara ili udongo usiwafukie. Aliupiga mti kofi shinani, akalishika tawi la chini na kuning'inia kwa uzito wake wote, mguu mbovu ukiwa hewani, kisha akatega sikio.

"Timba zuri ni lile linalolia kabla ya kuvunjika," aliniambia. "Linakupa nafasi ya kukimbia. Timba linalonyamaza ndilo linaloua watu. Na mti wa nyumba yenye watoto ni hivyo hivyo. Mtoto lazima ataupanda, hilo halina mjadala. Sasa tawi likichoka, limwambie."

Nilimsikiliza kwa heshima zote, kisha nikaanza kutoa kasoro. Mgunga una miiba, Masanja atachomwa. Mbono, tulishaambiwa mbegu zake mtoto akizitafuna anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Mpapai haupandiki na ndani ni mtupu. Mkrismasi unadondosha viwavi. Mwembe watoto wa jirani wataupiga mawe na mawe yatatua kwenye chungu cha Mama. Baba alipousifu mwarobaini kwa kivuli na dawa, nilimwambia kijiji kizima kikiugua homa kitahamia kwetu kuchuma majani, na Mama atachoka kupokea wageni. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya njia. Mkwaju ulinipa shida, maana hata mimi niliupenda uji wa ushishi, yaani wa ukwaju. Nikasema unakua polepole mno, Masanja atakuwa na ndevu kabla haujatoa kivuli.

"Kweli kabisa," Baba akasema kwa uso wa mtu anayezungumza na mwenyekiti wa kijiji. "Huo tuuache."

Mara moja tu nilijisahau. Kwenye uwanja wa ile hospitali palikuwa na mzambarau mkubwa, chini kumetapakaa zambarau zilizoiva, na kulikuwa na ubaridi kama ndani ya mtungi. Nilikula mpaka ulimi ukawa mweusi. Nikasema, "Baba, huu!" Neno likishatoka halirudi. Nilijiziba mdomo kwa viganja viwili nikamtazama.

Baba aliutazama mzambarau juu mpaka chini. Hakuupiga hata kofi. "Aa, mzambarau msaliti," akasema. "Tawi lake linakatika bila taarifa. Hapana, mayu, twende."

Nilimshukuru Mungu njia nzima. Niliona nimeponea chupuchupu.

Adui yangu mkubwa alikuwa Shija. Alianza kuja mara kwa mara kutoka Geita, na kila akija wanasogea pembeni na Baba kwenye kivuli cha nyumba. Niliwasikia. "Mwenye duara anauliza," Shija alisema kwa sauti ya chini, na Baba akajibu, "Mwambie mti bado hatujapata." Basi nikaelewa, au niliona nimeelewa, kwamba Shija ametumwa kutafuta miti. Nilimchukia. Kila nilipoisikia kengele ya baiskeli yake nilikimbilia njiani, na kabla sijamwamkia nilitupa jicho kwenye kariya kuona kama kuna mche. Aliniletea karanga za kukaanga nikazikataa, nikidhani ni hongo. Mama akanifinya sikio kwa utovu wa adabu.

Masika yakaja, yakapita. Siku moja mbuzi waliruka wakaingia kwenye matembele ya Mama, na nilipotoka chooni nilimwona Baba akiwakimbiza. Alikimbia kweli kweli, miguu yote miwili, mpaka ng'ambo ya ua. Alipogeuka akaniona, aliutafuta mkongojo wake kwa macho, akauokota, akarudi akichechemea. Nilimpa pole. Nilijua homa huja na kwenda, nikaona kumbe na mguu nao ni hivyo hivyo. Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Hakumpa pole.

"Mgeni siku mbili," akasema kana kwamba anaongea na ungo, "siku ya tatu mpe jembe." Baba akacheka peke yake.

Mama alikuwa amebadilika siku zile. Ugali ulikuwa mdogo, mboga ilikuwa nsansa, yale majani makavu ya kunde, jana nsansa na leo nsansa, na matobolwa ya viazi vikavu ambayo huwa ni ya kutafuna tu yakawa ndiyo chakula cha mchana. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Mtoto huyaona yote hayo na asiyahesabu. Nilichokihesabu mimi ni kwamba jioni Baba alikaa mbele ya nyumba, Masanja kwenye goti moja na mimi kwenye lile jingine, na akatuhadithia habari za chini ya ardhi, jinsi jiwe lenye dhahabu lisivyong'aa kama watu wanavyodhani, jinsi mtu akiwa chini huko anavyoisikia mvua ya juu kwa kunusa. Sijawahi kushiba tena kama nilivyoshiba jioni zile, na njaa ilikuwepo.

Kisha Mama akaenda Shinyanga mjini na akarudi na mche.

Nilimwona kwa mbali, kopo la mafuta ya kula kichwani, na juu ya kopo majani yanatikisika. Nilisimama pale pale kwenye lango la manyara. Miezi yote nilikuwa nimelinda njia ya Geita, na mti umekuja kwa njia ya mjini, juu ya kichwa cha mama yangu mzazi. Alipita bila kunisemesha, akalitua kopo mbele ya Baba. Ulikuwa mpera, mrefu kama Masanja akisimamishwa.

Baba aliinama. Alikishika kile kijiti kwa vidole viwili, akakipinda taratibu karibu kiguse ardhi, akakiachia. Kikarudi juu. Akanigeukia.

"Haya, mayu. Huu una kasoro gani?"

"Mapera yana funza," nikasema.

"Tutayala mabichi," Mama akadakia.

"Una... una mizizi."

Baba alicheka, lakini alikuwa hanitazami. "Kasoro zimekwisha," akasema.

Alichimba shimo kama walivyozoea wao, jembamba, limenyooka, linashuka tu. Alipofika kiunoni akaanza kurusha udongo juu ya bega bila kuangalia unapoangukia, na Mama, ambaye hakuwa amecheka kwa majuma, akashindwa kujizuia. "Baba Kabula, unapanda mpera au unafuata mwamba?" Ukiuteremsha mche mle ndani ulikuwa hauonekani. Ilibidi wafukie nusu yake upya, wakisukumana na kutaniana, na udongo ukawajaa nywele. Walikuwa wazuri siku ile, wazazi wangu. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na sikutaka kuangalia, ila niliangalia.

Shija alikuja kumchukua asubuhi. Baba aliuacha mkongojo ukiwa umeegemea ukuta, akanibeba mpaka kwenye mpera, akaniambia niumwagilie jioni jua likishuka, nisiumwagilie mchana. Akaniambia atakuja kuuona. Kisha akakaa kwenye kariya ya ile baiskeli niliyokuwa nikiichunguza miezi yote, na wakaondoka, na mguu wake haukuwa na tatizo lolote.

Nilimnunia Mama. Watoto huwanunia mama zao wakasahau kabla ugali haujaiva, lakini mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Nilifanya kazi zote alizonituma na sikumpa neno la zaidi. Alipojifungua nilimbeba mtoto bila kuuliza jina lake. Nilipokuwa mkubwa kidogo ile hasira ilipoteza sababu, ikabaki tabia. Hata nilipokwenda shule ya bweni, likizo nikirudi, nilimwamkia Mama kama mtu anavyomwamkia mwalimu wa zamu, nikaenda kukaa kwenye mpera. Mpera wenyewe ulikua vizuri, kwa taarifa yenu. Wadogo zangu wote waliupanda na hakuna aliyevunjika mkono. Matawi yake yalilia sana na hayakukatika.

Na Baba alirudi. Hilo ndilo linaloniuma kwa namna ambayo siwezi kumweleza mume wangu. Angekuwa amefukiwa na duara, watu wangenielewa. Yeye alirudi mzima, akakaa moja kwa moja, kwa sababu kile kikohozi kidogo kilikuwa kimekua na kamba zimemshinda. Ila alirudi mimi nikiwa chuo, halafu nikiwa kazini, halafu nikiwa mke wa mtu Geita. Masanja na wenzake walikuwa na baba kila jioni. Walimzoea mpaka wakamchoka, wakamkimbia akianza hadithi zake za chini ya ardhi. Tulipomzika mwaka jana, Masanja alisimama mbele ya watu akasema, "Baba yetu alikuwa mtu wa nyumbani." Watu wakaitikia. Mimi nilikaa na kanga usoni nikamwonea wivu mdogo wangu wa damu. Alikuwa anasema kweli, na ukweli ule mimi sikuwa nao. Mimi nilikuwa na baba wa msimu mmoja, na ningetoa kila nilicho nacho nirudishiwe hata safari moja ya kwenda kusafishwa kidonda.

Jana jioni, baada ya kutoka kitaluni mara ya tatu, nilimpigia Mama simu. Sina desturi ya kumpigia bila sababu, kwa hiyo nilikuwa na sababu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wajukuu zangu wazima?"

"Wazima. Mama, nataka kupanda mti uani. Wewe siku ile ulijuaje kuchagua mpera?"

Nilisikia kuku wake.

"Mimi sikuchagua kitu, Kabula. Baba yako ndiye aliniambia. Mpera, mrefu kiasi hiki, nikauchukue mjini."

Nilidhani hajanisikia vizuri. "Baba alikuwa na mimi kila siku tunatafuta, Mama."

"Mlikuwa mnatafuta nini? Mguu ulikuwa umepona zamani. Mwenye duara anamtuma Shija, anarudishwa. Anatumwa tena, anarudishwa. Mimi nina mimba, ghala linalia, namwambia Baba Kabula, nenda. Ananiambia, nitaendaje, mtoto bado hajaupata mti." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Alijua unachofanya tangu mti wa kwanza. Alikuwa anarudi nyumbani ananisimulia kasoro zako zote, mpaka tunalala tunacheka."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Watoto walikuwa wakinivuta kanga, nikawaacha wavute.

"Mwisho chakula kilipokwisha kabisa," Mama akaendelea, "akaniambia, Mama Kabula, ulete wewe. Mimi siwezi kumwambia yule mtoto kwamba tumeupata. Basi nikaleta."

"Na miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Umchukie yeye?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunika chakula. "Yeye hakuwepo, mwanangu. Mtoto akimnunia mtu aliye mbali, hasira inamlia ndani kwa ndani. Mimi nilikuwepo. Nikasema acha aninunie mimi. Anakula kwangu, nampaka mafuta, namfunga nywele, itaisha tu. Yako ilikawia kidogo."

Ninafundisha watoto wa watu kuzungumza na kuandika, na sikupata neno hata moja ambalo lingetosha kwa mwanamke yule aliyetembea kutoka mjini juani, na mimba, na kopo kichwani, akijua nani anamsubiri langoni.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Akaitikia, polepole, kama vile ndiyo kwanza nimepiga.

"Marahaba, mwanangu."